Gari Letu kwa Bei ya Vipande

Dalali alitusalimia vizuri, akanywa maji aliyopewa na Mama, kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya gari.

Hakufungua mlango wala kuomba ufunguo. Alipitisha kiganja chini ya bampa, akagonga taa ya kushoto kwa ukucha, akainuka na kuanza kulizunguka, na kila alipofika alitaja kitu na bei yake. Taa, zote mbili. Gia boksi, kama haijaguswa. Milango mitatu. Wa nne aliuruka, maana aliona mara moja kwamba haukuzaliwa na gari hili. Injini aliitaja mwisho, kwa sauti ya chini kidogo, na kaka yangu aliyekuwa akiandika kwenye simu akajumlisha.

Jumla ya vipande iliizidi bei ya gari zima kwa zaidi ya milioni moja.

"Nnyabo," akaniambia, "hili likiwa zima mtazunguka nalo mji mzima. Nipeni mimi nikalifungue."

Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ng'ombe hupimwa kilo akishachinjwa," akasema. "Huyu bado amesimama."

Yule dalali alicheka kwa adabu, akaacha namba yake, akapanda bodaboda akaenda zake. Wiki sita zimepita. Kaka alirudi Kampala jioni ile ile akiwa amenuna, na mimi nimebaki na hesabu ya yule bwana kichwani. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta alipokosea. Hakukosea popote.

## Kikumi

Nikiandika Kikumi, msomaji wa Jinja au Kampala keshaliona: Corolla AE100, ile mia ya namba yake ikatamkwa Kiganda na kuwa jina. Letu lilitengenezwa 1993, likafika kwetu Walukuba 2003, jeupe. Sasa weupe wake umeelekea rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai.

Nimekua nikiamini kwamba Mzee alilinunua kwa sababu ndilo aliloweza. Mama amenisahihisha mwezi huu. Anasema siku ile kwenye bondi, ile yadi ya magari yaliyoagizwa nje, kule Nakawa, kulikuwa na gari jingine, la miaka ya karibu zaidi, zuri kwa macho, na tofauti ya bei ilikuwa ndogo. Mzee alilizunguka, akakaa ndani yake, akatoka. Akamuuliza muuzaji swali moja tu.

"Likiniharibikia Nebbi, nani ataligusa?"

Muuzaji hakuwa na jibu.

Mzee alikuwa Mlugbara wa Arua, mbele ya Nebbi, Mama ni Mjapadhola wa Tororo, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha hapa Jinja na ndicho tulichonyonya nyumbani. Gari la nyumba kama hiyo lina ncha mbili za kufika, moja ng'ambo ya Nile na nyingine karibu na mpaka wa Kenya, na misiba haichagui upande. Pale bondini Mzee alikuwa akihesabu mafundi walio njiani.

Mengine kuhusu gari hili nimeyajua kwa kusoma, mwaka huu tu. Corolla ya umbo hili ilitoka Juni 1991, ikiwa imebuniwa miaka ambayo Japani ilikuwa na fedha nyingi, na mhandisi mkuu wake, Akihiko Saito, alitaka iwe kama Lexus ndogo. Niliposoma hilo nilitoka nje usiku nikafungua mlango wa dereva na kuufunga tena, nisikilize tu. Baada ya miaka yote hii bado unafunga kwa mlio mmoja mzito.

Nimesoma pia kwa nini Wajapani huyaachia magari yakiwa mazima. Gari likishatimiza miaka mitatu sharti lipite ukaguzi wa serikali, na baada ya hapo kila miaka miwili, na gharama zake huwafanya wengi waone afadhali kununua jingine. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika ya oili iliyoandikwa Kijapani, yenye namba 11. Tulidhani ni Novemba. Kumbe ni mwaka wa 11 wa enzi ya Heisei, yaani 1999. Kuna mtu wa huko aliyelibadilishia oili nikiwa bado mtoto mdogo, wala hakujua anatutunzia sisi.

Na ile redio! Ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo hapa kwetu ilishika stesheni chache tu. Mzee alitulia kwenye CBS, stesheni ya Kiganda. Mlugbara wa watu akajifunza Kiganda cha methali akiwa kwenye foleni ya daraja la Owen Falls. Serikali ilipoifunga CBS Septemba 2009, Mzee aliizima redio ya gari na hakuigusa tena mpaka stesheni iliporudi hewani Oktoba 2010. Mwaka mzima tulisafiri tukisikiliza injini.

## Mabira, usiku

Mwaka 2008 nilikuwa sekondari. Tulikuwa tunarudi kutoka Kampala, Mzee na mimi, na tulipopita Namawojjolo tulinunua kuku wa vijiti, nikawapakata kwenye gazeti. Ndani ya msitu wa Mabira injini ilizimika. Haikukohoa wala kutoa moshi. Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja, usukani ukawa mzito, na Mzee akaliburuta gari hadi pembeni kwa nguvu za mikono.

Alipiga stata. Injini ilizunguka kwa wepesi ambao sijawahi kuusahau, kama baiskeli iliyokatika mnyororo.

"Mkanda," akasema.

Fundi wetu wa Mpumudde alifika kwa taksi, mkanda wa taimingi umefungwa kwenye kurasa za gazeti, spana ziko kwenye mfuko wa sukari. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Malori yalipita karibu kiasi kwamba gari lilitikisika, na kila lilipotikisika fundi alitulia, akangoja, akaendelea. Alitoa kava, akanionyesha mkanda wa zamani: haukukatika, ulikuwa umenyonyoka meno kipande cha kama kidole kimoja. Akanionyesha alama ndogo zilizochongwa kwenye magurudumu ya meno, ya juu na ya chini, akaniambia zikipishana hata jino moja gari halitakuwa na nguvu. Akanifanya nizitazame mwenyewe mpaka niseme zimelingana.

Nilimuuliza kama injini imekufa.

"Zipo injini ambazo mkanda ukienda, valvu zinagongana na pistoni na habari imekwisha," akasema. "Hii hazifikiani. Waliotengeneza hii walimwachia mtu nafasi ya kusahau."

Tulikula kuku wakiwa wamepoa, sisi watatu, juu ya boneti. Injini iliitika karibu saa sita.

Mwaka 2021 fundi huyohuyo alinionyesha jambo jingine. Taa ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, nami nilikuwa na hofu ya gharama. Alifungua boneti, akafunua kikasha kidogo cheusi, akachomeka kipande cha waya kwenye matundu mawili, akaniambia nikae kwenye usukani niwashe swichi bila kupiga stata na nihesabu. Taa ilipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Ikarudia vilevile.

"Ishirini na mbili," akasema. "Kihisi cha joto la maji."

Kilikuwa kihisi cha joto la maji.

Jirani yetu ana gari zuri lenye namba za UB, yaani lililosajiliwa miaka ya karibuni. Taa kama ile ikimwakia, hulipeleka Kampala likaunganishwe na mashine, na anarudi na karatasi. Sisemi gari lake ni baya. Nasema sijawahi kumsikia akisimulia habari zake. Mimi nimeonyeshwa ndani ya gari letu tangu nikiwa msichana, na nadhani mapenzi yangu kwalo yalianzia kwenye tochi ile, nilipoulizwa kama alama zimelingana na jibu langu likangojwa.

Mzee alipofariki 2017 tulimsindikiza hadi Arua, sisi kwenye Kikumi nyuma ya gari lililombeba. Radieta ilichemka karibu na Pakwach, kwenye lile joto. Kijana wa kando ya barabara alilitambua gari kabla hajatuuliza shida yetu, akaja na jerikeni ya maji na kipande cha mpira. Nebbi hatukusimama hata kidogo.

## Mlango wa nne

Basi yule dalali alipouruka mlango wa nne, aliniachia mwiba.

Mlango huo ni wa nyuma, kushoto. Mwaka 2012 lori la miwa liliubonyeza hadi ndani, na Mzee akashuka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, akarudi na mwingine, wa kijani. Ulipigwa rangi nyeupe, lakini ukiufungua, kijani bado kipo kwenye bawaba. Kulikuwa na Kikumi cha kijani mahali fulani. Kilikuwa na watu wake. Siku moja mtu alichuchumaa mbele yake akataja bei.

Na gia boksi yetu ya sasa ni ya wapi? Na kioo cha pembeni? Na kihisi kile cha ishirini na mbili?

Kwa wiki nzima hili lilinisumbua kuliko bei. Pale uani nilijisikia kama mtu aliyeombwa amtoe ndugu yake, na huku gari letu limeishi miaka ishirini kwa viungo vya magari ya wengine. Nisingeweza kumwita yule bwana mchinjaji. Bila watu kama yeye, letu lingekuwa banda la kuku tangu 2012.

Tena hali inazidi kubana. Tangu Oktoba 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Letu lilikuwa na 25 siku sheria ilipoanza kazi. Lingekuwa leo ndiyo linafika Malaba, lingegeuzwa. Yaliyokwisha kuingia hayakuguswa, lakini hakuna Kikumi kingine kitakachovuka mpaka kikiwa kizima. Yaliyobaki yanatunzana. Likifa moja Masaka, jingine la Soroti linapata mlango.

Naielewa sheria hiyo. Nimesimama nyuma ya magari ya zamani kwenye foleni ya Mukono nikiwa na mtoto, madirisha yamefungwa, na bado tukakohoa.

## Swali la kiti cha nyuma

Nilikuwa karibu kutulia na haya yote. Kisha binti yangu, mwenye miaka sita, akaletwa nyumbani kutoka shule na mama wa rafiki yake. Kesho yake asubuhi alipanda kwenye Kikumi, akapapasa kiti kulia na kushoto.

"Mama, mkanda wangu uko wapi?"

Nilimwambia tutachelewa.

Nimeliendesha gari hili tangu nipate leseni na sijawahi kujiuliza. Sisi tulikua kwenye kiti kile watoto wanne, wakati mwingine sita, tukilala mmoja juu ya mwingine hadi Tororo. Sasa nilimwona kwenye kioo cha ndani, kichwa chake kinainuka na kushuka na mashimo ya barabara, na mbele yangu kuna tenki la mafuta linalotoka Kenya, na nyuma yangu kuna jingine. Gari letu halina mito ya hewa. Lina breki nzuri, kwa sababu fundi hanifichi kitu kuhusu breki. Lakini kama ningelazimika kuzikanyaga kwa nguvu zote, binti yangu angeshikwa na nini?

Siku tatu sikumpandisha. Nilimpeleka kwa taksi, nikaketi naye, nikaona kwamba hata mle hakuna mkanda wa mtoto. Bodaboda sikutaka hata kuifikiria. Kaka alikuwa na hoja yake na ilikuwa hoja ya upendo: tuuze vipande, tuongeze mkopo, tununue la karibuni. "Dada, Mzee hayumo mle ndani," aliniambia kwa simu. Nilikaa kimya muda mrefu. Nilijiuliza kama kulipenda gari kumenitia upofu, na kama ningekuwa na ujasiri wa kumweleza binti yangu, akishakuwa mkubwa, kwa nini nililing'ang'ania.

Nilitoa namba ya dalali. Niliipiga, nikaikata kabla haijaita.

Badala yake nilikwenda Mpumudde. Fundi amezeeka, hainami tena vizuri, lakini aliweka goti kwenye kizingiti cha mlango, akashika kikalio cha kiti cha nyuma kwa mikono miwili na kukinyanyua. Kilitoka kwa mlio mkavu. Chini yake kulikuwa na vumbi la miaka, sarafu ya shilingi hamsini, kijiti cha nyama kilichokauka. Na vifungio vya mikanda, vyote, vimelala kifudifudi. Viti vilishonwa upya 2009, na mshonaji alivisukuma chini akavifunika.

Walikuwa wametuwekea. Miaka yote tulikuwa tumevikalia.

Fundi aliuvuta mkanda wa kulia taratibu, ukaja. Akauvuta kwa ghafla, ukakamata. Akaurudia mara tano. Wa kushoto ulitoka ukabaki unaning'inia. Haukurudi wala haukukamata.

"Tafuta wa kushoto," akasema. "Lakini ukifika kule uliza gari lilikufaje. Mkanda uliowahi kumshika mtu kwenye ajali umekwisha kazi yake, hata ukionekana mpya."

## Lilikufaje?

Safari hii simu niliiacha iite.

Yule bwana alinipokea Kisekka, akanipitisha katikati ya taa zilizopangwa kama vikombe kabatini, milango imesimama kwa safu, bampa zimening'inizwa juu. Alinipa kiti.

"Jjajja hajambo?" Bibi, alimaanisha Mama.

"Hajambo, ssebo."

"Yule ng'ombe bado amesimama?"

"Bado."

Alitabasamu, akaingia ndani, akatoka na mkanda wa kwanza. Ulikuwa safi kabisa. Nikamuuliza gari lilikufaje. Alinitazama, akautazama mkanda, na nitamheshimu daima kwa sekunde zile, maana angeweza kunidanganya na nisingejua.

"Hili liligongwa," akasema. "Barabara ya Masaka."

Akaurudisha ndani.

Alikawia. Nilisikia akivuta vitu, akizungumza na kijana wake. Aliporudi alikuwa na mwingine, umefifia rangi upande uliopigwa na jua. "Hili gasketi iliungua, mwenyewe akaliacha uani miaka miwili, mpaka mkewe akalichoka. Halijagongwa. Nililifungua kwa mikono yangu." Akaukanyaga mwisho mmoja kwa kiatu, akauvuta kwa ghafla. Ukakamata. Akanipa na mimi nivute, mara tano kama nilivyoona kwa fundi. Nikaukagua kwa vidole, inchi kwa inchi, nikitafuta nyuzi zilizokatika. Sikukuta. Karibu na mwisho nilikuta maandishi ya kalamu ya bluu, ya mkono wa mtoto, herufi tatu kubwa na ya nne imefutika.

Tulipatana bei. Nilipokuwa naondoka aliniita, akanikabidhi kifundo cha gazeti.

"Boliti zake. Usikubali fundi akuwekee za kawaida, zitakatika."

Nilipowasimulia nyumbani, Mama aliniuliza kama nimemshukuru. Kaka alinyamaza kwenye simu, halafu akasema atatuma fedha za mkanda wa katikati, ule wa kiunoni. Hatujauza. Safari za usiku za Kampala nimeziacha, na najua mkanda hauleti mito ya hewa. Siku nitakayolazimika kumwita tena yule bwana, ningependa aulizwe na mtu mwingine swali nililomuuliza mimi, na awe na jibu zuri la kumpa.

Jumatatu binti yangu aliketi kushoto, kando ya mlango wa kijani. Nilimwonyesha mara moja tu, akajifunga mwenyewe. Kisha akauinua mkanda karibu na uso.

"Nani ameandika hapa?"

"Mtoto mwingine."

"Anaitwa nani?"

Nilimwambia sijui, asome mwenyewe. Akaanza kupitisha kidole, herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alipofika ile iliyofutika akarudi mwanzo, akajaribu jina moja, akajaribu jingine, mpaka tukafika shuleni.